Bustani Inayopimwa Januari

Nyumba nyingi za Trans Nzoia zimezungukwa na mahindi hadi ukutani mwa jikoni. Ukifungua mlango wa nyuma, majani yanakugusa bega. Haishangazi: Kitale ndipo Kenya Seed Company ilipoanzishwa mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu chotara ya H611 ikatoka hapa kwenda kwa wakulima. Tangu hapo, kipande cha ardhi kisicho na mhindi huonekana kama kimelala bure. Kisha Januari inafika. Magunia yamepangwa hadi darini, na mama wa nyumba hiyo hiyo anamtuma mtoto sokoni akanunue mboga. Karo imelipwa, mfuko umekauka, jua limechoma kila jani, na ugali unateremshwa kwa mboga ya kuhesabu majani.

Mimi nililelewa katika nyumba ya namna hiyo Kitale, kisha nikaolewa Bungoma, upande wa Chwele. Huko, kwa mama mkwe wangu, ndiko nilikojifunza kwamba bustani ya jikoni haipimwi Juni, wakati hata kando ya barabara kumeota mchicha. Inapimwa Januari. Ukishalikubali hilo, mambo mengine yote, kuanzia mahali pa kuchimba hadi siku ya kutia mbegu, utayahesabu kwa kurudi nyuma kutoka mwezi huo.

Basi tuhesabu. Kitale iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 na ina msimu mmoja mrefu: mvua huanza Machi na kuendelea hadi Oktoba au mwanzo wa Novemba. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400. Ni penye joto, na ina mvua ndefu za kuanzia Machi na mvua fupi za kuanzia Agosti hadi Novemba. Pamoja na tofauti hizo, kote kuwili hukauka Desemba hadi Februari. Majani ya kunde huwa tayari kuchumwa wiki nne hadi sita baada ya kupandwa. Ili kuyakausha unahitaji jua la kutegemewa, na jua hilo hurudi Novemba ikielekea kwisha. Ondoa wiki sita hapo. Mbegu inatakiwa iwe udongoni siku za mwanzo za Oktoba, mvua za mwisho zikiwa bado zipo za kuiotesha. Wakati huo watu wako shambani wanavuna mahindi, bustani wameisahau. Hapo ndipo Januari inapoharibikia.

Sasa mahali. Chagua karibu na mlango wa jikoni, panapopata jua angalau saa sita kwa siku. Bustani iliyo mwisho wa shamba hupaliliwa Jumamosi tu, lakini iliyo karibu na jiko hupaliliwa kila unapotoka kumwaga maji. Zungushia ua kabla hujatia hata mbegu moja. Mabua ya mahindi yaliyosimamishwa na kufungwa kwa kamba yanatosha kwa msimu mmoja, ingawa uzio wa fito au wavu hudumu. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nimeona bustani nyingi zaidi zikifa kwa kuku kuliko kwa wadudu na magonjwa yote yakijumlishwa. Kuku watatu wakiingia asubuhi moja kwenye miche ya siku kumi, umerudi mwanzo.

Usianze na eneo kubwa. Matuta mawili yenye upana wa mita moja na robo, urefu wa mita nane, yanatosha nyumba ya watu sita kuanzia. Upana huo una maana yake: mkono wako ufike katikati ya tuta ukiwa umesimama njiani, ili mguu usikanyage udongo uliolainishwa.

Kuhusu kuulainisha, kuna somo kubwa limefundishwa hapa kwetu. Kituo cha Manor House Agricultural Centre, karibu na mji wa Kitale, kimekuwa kikifundisha wakulima wadogo tangu 1984 njia ya kuchimba mara mbili, ile iliyoenezwa na John Jeavons kutoka California. Inafanywa hivi. Mwanzoni mwa tuta chimba mfereji unaokatiza upana wake, upana wa mfereji uwe sentimita 30 na kina sentimita 30, na udongo wake uuweke kando kwenye karai. Kisha chukua jembe la meno, ulegeze udongo wa chini kwa sentimita 30 nyingine bila kuugeuza. Tandaza samadi iliyooza au mboji. Chimba mfereji wa pili ukiutupia udongo wake kwenye wa kwanza, na uendelee hivyo hadi mwisho, kisha ule udongo wa karai ujaze mfereji wa mwisho.

Ni kazi ya jasho. Siku nilipochimba tuta langu la kwanza Kitale, sentimita 20 tu chini ya uso jembe lilidunda kana kwamba nimepiga sakafu. Hilo ni tabaka gumu linalotokana na trekta kulima kina kile kile mwaka baada ya mwaka. Mizizi ikilifikia inajikunja na kutambaa pembeni, na mvua ikiisha mmea hauna pa kunywea. Ukilivunja mara moja na usikanyage tena tuta lako, mboga zako zitaendelea kuwa kijani wiki kadhaa baada ya za jirani kunyauka. Kwa bustani inayosubiri Januari, wiki hizo ni mali.

Jambo lingine la udongo wetu: maeneo mengi ya Trans Nzoia na Bungoma yana udongo mchachu, na mbolea ya DAP iliyotiwa msimu hata msimu imeongeza uchachu huo. Ukiona mboga zinadumaa ingawa samadi ipo, peleka udongo ukapimwe kabla ya kununua mbolea nyingine. Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Jivu la kuni nalo husaidia kiasi, konzi moja au mbili kwa kila mita ya mraba, likichanganywa na udongo. Na kata matawi ya tithonia, ule mmea wa maua ya manjano uliojaa kando ya barabara zetu. Majani yake huoza upesi na yana naitrojeni nyingi. Watu huyaacha yakauke bure huku wakilia kwamba mbolea imepanda bei.

Tupande nini? Nitasema wazi ninachoamini: usianze na nyanya wala kabeji. Anza na mboga za kienyeji. Zimezoea udongo huu, mbegu zake unazitoa mwenyewe, na chakula kilichomo ndani yake kinazidi cha kabeji kwa mbali. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amezitafiti mboga hizi kwa miongo kadhaa. Utotoni mwili wake ulikataa nyama, samaki na mayai, akakuzwa kwa mboga za kienyeji, na mapenzi ya chakula kile yakawa kazi ya maisha yake. Wakati wengine walizidharau kama magugu na chakula cha maskini, yeye alizipeleka maabara.

Managu, ambazo Wabukusu huziita namaska, hupenda baridi ya Kitale. Otesha kwenye kitalu, uhamishe miche ikifika kimo cha kidole kirefu mara mbili. Saga, au chisaka, haipendi kuhamishwa. Itie moja kwa moja kwenye mistari iliyoachana sentimita 30, uipunguze inapoota. Mbegu ya saga iliyovunwa juzi huota kwa shida, kwa hiyo tumia iliyokaa miezi kadhaa. Na usiache maua yake yafunguke ikiwa unataka majani. Yakwanyue kila wiki, mmea utaendelea kuchipua. Kunde, yaani likhubi, ndiyo mama wa ukaushaji, na tutairudia.

Murere una siri yake. Mbegu yake ina ganda gumu, na ukiimwaga tu udongoni itaota moja moja kwa mwezi mzima. Mama mkwe hufunga mbegu kwenye kipande cha kitambaa, akakitumbukiza kwenye maji yanayochemka, akahesabu hadi kumi kwa sauti, akakitoa na kukitia kwenye maji baridi. Mara ya kwanza nilidhani anazipika. Siku chache baadaye mstari mzima ulikuwa umeota pamoja. Ila ujue murere ni mtoto wa joto: Bungoma utakujazia kikapu, Kitale utakua polepole, basi upande penye ukuta unaolala na joto la mchana.

Usiache kupanda mashina mawili ya malenge pembeni, yatambae nje ya ua. Unapata majani, yaani seveve, na maboga yaliyokomaa, yakivunwa na kikonyo chake bila kuchubuliwa na kuwekwa darini penye hewa, hukaa miezi. Sukuma wiki? Panda, lakini iwe mashina machache ya kuliwa mabichi.

Maji ya kiangazi yanataka hesabu ya ukweli. Mita moja ya mraba ya mboga huhitaji lita nne hadi tano kwa siku wakati wa jua kali. Tuta lako la mita 10 za mraba linakula angalau mitungi miwili ya lita 20 kila siku. Kama unachota mtoni, usijidanganye kwamba utamwagilia matuta yote. Mwagilia tuta moja tu lililo karibu na jiko, kwa maji ya kuoshea mboga na ya suuza ya mwisho ya nguo, na ulifunike kwa matandazo ya majani makavu. Kama una mabati, weka mfereji wa paa. Milimita 20 za mvua kwenye paa la mita 40 za mraba ni lita 800, na hata ukipoteza sehemu ya tano bado una lita 640 mlangoni. Mboga nyingine za Januari zitoke kwenye mikebe ya majani makavu.

Na mikebe ndiyo nusu ya pili ya bustani, ambayo watu wengi hawaifanyi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini ya mboga huoza vibaya mno isipokaushwa sawasawa.

Vuna kunde asubuhi, umande ukishakauka. Chambua, toa mabua, osha. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa, tia kijiko kidogo cha chumvi kwa kila lita. Majani yatie kidogo kidogo, dakika mbili hadi tatu, si zaidi. Joto hilo huua vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuharibu rangi, ladha na lishe hata baada ya jani kukauka. Yatoe upesi, yatumbukize kwenye maji baridi safi, yachuje, kisha yatandaze kwenye wavu kwa tabaka jembamba.

Hapo wengi huanika juani juu ya gunia, kwenye mwamba au juu ya paa. Usifanye hivyo. Jua likiyapiga majani moja kwa moja linaunguza vitamini A, ambayo ndiyo sababu mojawapo ya kuwalisha watoto mboga hizi, na vumbi na inzi nao hupata haki yao. Mwombe fundi akutengenezee kasha la mbao la mita moja kwa mbili, lenye miguu na trei za wavu, mfuniko wake wa nailoni angavu ukiinama upande mmoja. Atoboe matundu chini upande wa mbele na juu upande wa nyuma, ayafunike kwa wavu wa mbu. Hewa baridi inaingia chini, inapata joto, inabeba unyevu na kutokea juu. Weka kitambaa cheusi chepesi juu ya majani yasipigwe na mwanga. Siku moja au mbili za jua zinatosha.

Utajuaje yamekauka? Mama mkwe hachungulii. Huingiza mkono chini ya trei ya kati, ambako hewa ni nzito, akachukua konzi na kuifinya karibu na sikio. Jani likinong'ona tu, linarudi. Likivunjika kwa sauti kavu, kama ganda la njugu, ameridhika. Kisha huyaacha yapoe kabisa kabla ya kufunga, kwa sababu majani yenye joto yakifungiwa hutoa jasho, na jasho ndilo mwanzo wa ukungu. Tia kwenye mkebe mkavu unaofunga kabisa, andika jina na tarehe, weka penye giza. Baada ya wiki moja fungua unuse. Ukikuta majani yamelainika, yarudishe kwenye kasha siku hiyo hiyo. Ukikuta ukungu, tupa yote. Usichambue.

Kilo 10 za majani mabichi hubaki karibu kilo moja. Nyumba yetu ya watu sita hutumia konzi tatu za makavu kwa mlo. Yaloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, yapike kwa maziwa, au kwa simsim au karanga zilizosagwa. Ukipenda musherekha, ule munyu wa jivu la maganda ya maharagwe, tia kidogo sana. Hulainisha kunde na murere vizuri, lakini ukizidi unaua vitamini. Vitamini C nyingi imekwisha kupotea katika kukausha, kwa hiyo pembeni kuwe na pera, limau au papai. Chuma na kalisiamu bado vimo.

Nyanya sasa. Mvua na baridi ya Kitale huleta ukungu unaomaliza shamba zima ndani ya wiki moja, basi ukizipanda nje, panda Septemba zivunwe kiangazi. Ukitaka kuzihifadhi kwenye chupa za kioo, kuna jambo la milimani ambalo maelekezo mengi hayalitaji: kadiri tunavyopanda juu, maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Kitale huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa hiyo dakika zinaongezeka. Nyanya zilizopondwa na kuchemshwa, zikitiwa zikiwa moto kwenye chupa ya nusu lita pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau ya dukani, ambayo ukali wake haubadiliki, zinahitaji kuchemka zikiwa zimefunikwa na maji dakika 45 Bungoma na dakika 50 Kitale. Vifuniko viwe vipya. Na usijaribu kamwe kufungia managu, maharagwe au mahindi mabichi kwenye chupa kwa njia hii. Havina uchachu, na ndani yake huweza kuzaliana kijidudu cha botulini, chenye sumu inayoua bila harufu wala rangi. Vitu hivyo kausha. Hata nyanya, mimi siku hizi nyingi hukata vipande vyembamba na kuzikausha kwenye kasha lile lile.

Vitunguu vikauke shingo, visukwe na kuning'inizwa. Viazi vitamu vikatwe vipande na kukaushwa, kama majirani zetu Wateso wanavyotengeneza amukeke. Mahindi na maharagwe yana maelezo yake marefu, ila jaribu hili kabla ya kuyafunga: tia konzi ya punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado ni mabichi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Punje yenye ukungu usiwape hata kuku.

Mwisho ni mbegu. Katika kila tuta chagua mashina matano bora, yafunge uzi mwekundu, na mtu yeyote asiyachume. Saga vuna maganda yakigeuka manjano kabla hayajapasuka. Managu kamua matunda yaliyoiva, osha mbegu, kausha kivulini. Hifadhi kwenye chupa pamoja na jivu lililochekechwa. Kwa miaka mingi tangu marekebisho ya 2012, sheria ya mbegu ilifanya kuuza au hata kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa la jinai. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, baada ya wakulima wadogo kwenda kushtaki. Kwangu mimi ile ilikuwa haki iliyochelewa, maana mbegu ya murere niliyo nayo nilipewa na mama mkwe kwenye pindo la leso, naye alipewa hivyo hivyo na mama yake. Ukipata mbegu nzuri, mgawie jirani. Yako ikifa na kiangazi, utairudia kwake.

Chimba tuta la kwanza mwaka huu, hata kama ni la mita tatu tu. Kasha la kukaushia litengenezwe Agosti, kabla mafundi hawajabanwa na kazi za mavuno. Na mbegu ya kunde isivuke tarehe 10 Oktoba.